Kopa Katika Karata za Taroti: Picha, Neno na Tafsiri

Katika kozi ya tafsiri, wanafunzi wetu hukutana mara kwa mara na matini za Kiingereza zinazotaja karata za taroti. Aina moja kati ya zile nne huandikwa "vikombe" bila mjadala wowote. Tafsiri hiyo si kosa. Hata hivyo, inaliacha nje neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani, nalo ni kopa.

Mchezaji wa karata wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa maana ya kopa, shupaza, uru na pau. Kwetu Uganda mwanafunzi anaweza kucheza matatu kila jioni asijue hata moja, kwani Kiswahili chake amekipata darasani, si mchezoni. Majina yote manne yametoka katika Kireno: copas ni vikombe, espadas ni panga, ouros ni dhahabu, paus ni magongo. Na hizo ndizo aina nne za taroti! Alama ya moyo tunayoiona leo ni ya Kifaransa, ya karne ya 15, lakini Wareno huiita vikombe, nasi tukawafuata. (Anayedhani kopa hii inahusiana na kukopa fedha amekosea, ingawa neno lenyewe limekopwa. Ndugu yake halisi ni kopo.) Turufu nayo imetokana na trunfo la Kireno, jamaa wa trionfi, jina ambalo Waitalia waliziita karata za taroti katika miaka ya 1440, zilipokuwa mchezo tu.

Kikombe hakikuanzia Italia. Karata za Wamamluki wa Misri, ambazo baadhi yake zimehifadhiwa katika jumba la Topkapı, Istanbul, zina vikombe, panga, dirhamu na magongo ya polo. Mwaka 1781 Antoine Court de Gébelin alidai huko Paris kwamba taroti ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Hakutoa ushahidi. Misri ilihusika kweli, ila ni Misri ya masultani, si ya Mafarao. Uaguzi wa taroti ulienea baada ya dai hilo, na kuhusishwa kwa kikombe na maji, mapenzi na hisia kulikuja baadaye zaidi, katika karne ya 19. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha ishara hizo kama za kale na kale anapotosha.

Je, ishara iliyochelewa haina thamani? Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaoipuuza taroti yote. Karata zilizochapishwa London mwaka 1909 zilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maagizo ya A. E. Waite. Smith, ambaye sehemu ya utoto wake aliipitisha Jamaika, alikuwa amekwisha kuchapisha hadithi za Anansi mwaka 1899, na usimulizi huo unaonekana. Katika taroti za kawaida kabla yake, tano ya kopa ilikuwa vikombe vitano vilivyopangwa, basi. Smith amechora mtu wa joho jeusi aliyeinamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Viwili vimesimama nyuma yake, havioni. Mtazamaji anaviona. Pengo hilo kati ya ajuacho mhusika na ajuacho mtazamaji ndilo linaloibeba picha, na halihitaji fundisho lolote la siri.

Maelezo ya Waite ni dhaifu kuliko michoro. Kuhusu ree ya kopa ameandika kwamba vijito vinne vinamiminika kutoka kikombeni. Hesabu katika picha: ni vitano. Watu wamezua maana nyingi ili kuziba tofauti hiyo. Sisi tunaona tu kwamba mwandishi hakuitazama vizuri kazi ya mchoraji wake.

Tukirudi kwenye tafsiri, tunapendekeza "tano ya kopa" na "ree ya kopa", pamoja na neno "kikombe" pale matini inapoeleza kilichochorwa. Msomaji wa pwani atauona moyo kwanza, na mfasiri itambidi amwongoze kwa sentensi moja. Wa Kampala atahitaji mbili.