Kitabu cha Kusikilizwa

Mwalimu wa Kiswahili achaguaye kitabu cha kulisomea darasa kwa sauti hafanyi kazi ile ile aifanyayo mtunga mtihani. Mtunga mtihani hutafuta dhamira za kuorodheshwa na wahusika wa kuchambuliwa. Msomaji wa sauti hutafuta kitabu kitakachowanyamazisha vijana hamsini, ilhali nakala iliyopo ni moja. Kazi hizi mbili zimechanganywa mno, hata kitabu cha mtihani ndicho hicho hicho kisomwacho, kwa sauti ya uchovu, mpaka kengele ilie.

Katika shule za sekondari za Mbeya na Iringa jambo hili lina uzito wake. Kijana wa Soweto, mjini Mbeya, hufundishwa masomo karibu yote kwa Kiingereza. Nyumbani huenda akasema Kinyakyusa au Kisafwa. Kiswahili chake ni cha sokoni Mwanjelwa, chepesi na chenye mzaha mwingi. Kiswahili kipana cha vitabu asipokisikia darasani, mahali pengine pa kukisikia ni pachache.

Shaaban Robert alikitoa Kusadikika mwaka 1951. Wengi hukiogopa kwa ugumu wa maneno yake, na kwa asomaye peke yake hofu hiyo ina haki. Kwa sikio, hata hivyo, kimeundwa vema kuliko vitabu vingi vilivyokifuata. Karama, aliyeshitakiwa na Majivuno, hujitetea siku baada ya siku kwa kueleza habari za wajumbe sita waliopelekwa Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, Mbinguni na Ardhini, na malipo waliyoyapata waliporudi. Kila mjumbe ni kipindi kimoja. Mwalimu akifunga kitabu, mshitakiwa angali mbele ya baraza, na kijana hana budi kungoja. (Kisomwe kabla ya Novemba, mvua ikianza kupiga mabati, hata Karama hasikiki.)

Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, hautaki haraka hiyo. Ulitungwa ughaniwe, tena kwa Kiamu. Mwalimu wa bara asiyejua mahadhi akiusoma kama gazeti, huziua mizani zake nane, kisha wanafunzi huambiwa kuwa ushairi ndio huo. Heri asiuguse mpaka apate mtu wa kuughani.

Iringa hupenda Mukwava wa Uhehe, tamthilia ya Mulokozi, na kwa sababu njema: fuvu la Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898, lilirudishwa mwaka 1954 na limewekwa Kalenga, si mbali na mji. Lakini ukaribu huo ni mtego. Tamthilia isomwayo na mtu mmoja humpoteza msikilizaji, asijue nani amesema. Isipogawanywa kwa sauti mbalimbali zilizofanya mazoezi, Lugalo ya 1891 itabaki tarehe ya kukariri.

Kitabu kitakacho busara kuliko vyote ni Takadini cha Ben Hanson, ambacho vijana wengi wa Tanzania wamekisoma kwa Kiswahili. Sekai, baada ya miaka mingi ya kukosa mtoto, anazaa mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto huyo afe, na mama anatoroka naye. Katika nchi ambamo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, na hofu hiyo ikafika hata nyanda za juu, hiki hakisikilizwi kama ngano ya mbali. Tena mwanafunzi mwenye ualbino aghalabu haoni vizuri. Ubao na maandishi madogo humtesa. Yeye ndiye afaidikaye zaidi kitabu kikisomwa kwa sauti, na yeye ndiye atakayegeukiwa na macho ya darasa zima.

Wapo wasemao kiachwe kwa kumhurumia. Hoja hiyo ni ya upole, ila haina nguvu: maneno ya kumdhalilisha hayakuzaliwa kitabuni, yako njiani anakopita kila siku. Wasemao kisomwe tu kwa kuwa kimo katika orodha wamekosea zaidi. Mwalimu ana deni la kuzungumza naye kwanza, faraghani, amweleze hadithi inakokwenda, ajue kuwa mtoto yule atakua. Naye akikataa, kitabu kingojee. Akikubali, kipindi kisikatizwe pale ambapo mtoto angali hatarini. Bora mwalimu aazime dakika kumi za somo lifuatalo, mpaka Sekai awe amekwisha kuondoka.