Ufito Mfupi kwa Jodari Mkubwa

Ufito wa kumvulia jodari wa kilo mia, mvuvi akiwa amesimama, ukiusimamisha dukani kati ya wenzake utadhani umevunjika na kuungwa. Una mita moja na sentimita sitini na kitu, haufiki kimo cha wengi watakaoushika. Mwanagenzi huupita akaenda kuchukua wa mita mbili na ushei, kwa imani kwamba samaki mkubwa hutaka ufito mrefu. Imani hiyo humgharimu mgongo.

Tufanye hesabu kidogo, maana ufundi wote umejificha humo. Samaki anavuta kwa nguvu ya kilo 12. Kitako cha ufito kimekaa katika kibao kilichofungwa mbele ya mapaja ya mvuvi, na rili, ambayo ndiyo inayoshikwa na kulabu za mkanda uliomzunguka kiunoni, iko sentimita 40 juu ya kitako. Ufito mgumu wa sentimita 210 ukikaa hivyo unamdai mvuvi kilo 63 ili ncha isishuke. Wa sentimita 160 unamdai 48. Nafuu ipo, lakini fundi hakuishia hapo. Ncha ya ufito mfupi ameifanya laini, ijikunje na kulala ikifuata mshipi, huku nusu ya chini ikibaki ngumu. Ufito ukishapinda hivyo, mshipi unapita karibu zaidi na mtu, tuseme sentimita 90 kutoka kitakoni, na deni linashuka hadi kilo 27. Samaki ni yule yule na breki ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali mzigo ulipokaa.

Ndiyo maana mjuzi akichagua ufito hautikisi hewani kama wanunuzi wengine. Hufunga mshipi, akamwomba mtu auvute chini, kisha akatazama mpindo unakomea wapi. Ukianza kupindia karibu na mshiko, ni laini mno, utamchosha mtu bila kumnyanyua samaki. Usipopinda kabisa, ni mtaimbo. Mshiko wa mbele nao sharti uwe mrefu, mkono wa kushoto upate nafasi ya kupanda na kushuka, na uwe wa kitu kisichoteleza mikono ikishalowa utelezi wa chambo.

Vifaa hivi vina kwao. San Diego, California, hutoka boti kubwa za abiria wavuvi ambazo hukaa baharini wiki nzima, pengine mbili na zaidi, zikishuka kufuata rasi ya Baja California. Ndani yake huwa na wavuvi ishirini na kitu, wamejipanga ukingoni bega kwa bega. Kiti kile cha kupigania samaki, chenye mikanda na pa kukanyagia, hakina nafasi humo, na boti iliyotia nanga haiwezi kumfuata samaki wa mtu mmoja. Jodari akikimbilia upande wa tezi, mvuvi hukimbia naye, akipitisha ufito juu ya mshipi wa huyu na chini ya mshipi wa yule. Fanya hivyo na ufito wa mita mbili uone utakavyotukanwa! Ufupi ni adabu ya msongamano. Ni faida ya mgongo pia, wala sishangai kwamba mambo hayo mawili yalikuja pamoja.

Bahari hizo zilikuwa na mtihani wake. Tarehe 1 Aprili 1977, karibu na kisiwa cha San Benedicto katika visiwa vya Revillagigedo, mvuvi Curt Wiesenhutter alimnasa jodari wa kilo 176, ikawa rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 30. Mwaka 2017 Mexico iliyafanya maji ya visiwa hivyo kuwa hifadhi ya taifa na kupiga marufuku uvuvi. Samaki wakubwa wanatafutwa kwingine sasa, lakini vifaa vimebaki na sura waliyovipa.

Kwa upande wa rili, wazee wa kazi hii waliteseka. Charles Frederick Holder alipomvua jodari wa kilo 83 huko kisiwa cha Catalina mwaka 1898, rili za wakati ule hazikuwa na breki ya ndani. Mvuvi alikandamiza kipande cha ngozi kwa dole gumba, na mpini ulipozunguka kinyumenyume ulivunja vidole. Leo breki husukumwa kwa wenzo mmoja ubavuni, na nafasi yake huwekwa kwa mizani kabla ya kutoka nyumbani. Kanuni ya kawaida ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 45, breki ya kilo 11 hadi 15. Pima breki hiyo ufito ukiwa umepinda na mshipi umepita katika pete zote, maana msuguano wa pete nao ni breki.

Kuna mtego hapa ambao umekata mishipi mingi. Mshipi unavyotoka, kigurudumu kinachoubeba kinapungua unene, na kadiri kinavyopungua ndivyo breki inavyokaza yenyewe. Kikibaki nusu ya kipenyo chake, kilo 12 ulizoweka zimekuwa 24, na hukugusa kitu. Samaki aliye mbali ndiye wa kulegezewa wenzo, ingawa moyo unakuambia ukaze.

Rili yenyewe iwe ya gia mbili. Ya kwanza, ambayo kila mzungusho wa mpini hukizungusha kigurudumu takriban mara tatu, ni ya kukusanya mshipi uliolegea. Ya pili, ya mara moja na kidogo, ni ya kumpandisha samaki aliyening'inia chini kama jiwe la nanga. Ningeongeza kwamba rili nyembamba ni bora kuliko pana, kwa kuwa mshipi ukirundikana upande mmoja wa kigurudumu kipana, ufito mzima hujipinda mkononi kwa kila mzungusho. Wauzaji watakuonyesha pana. Inapendeza kabatini.

Unyembamba huo umewezekana kwa sababu ya uzi wa kusuka wa Spectra, ambao kwa nguvu ile ile ni mwembamba kuliko nailoni, hivyo rili ndogo hubeba mamia ya mita. Una tabia zake. Ukizungushwa bila kukazwa, safu ya juu huzama katika safu za chini wakati samaki anakimbia, ukakwama na kukatika. Tena huvutika kidogo mno, ndiyo maana mbele yake huungwa nailoni, ipokee mshtuko na kusugua ukingo bila kuharibika. Kuhusu ndoana nina machache: ya mviringo, imara, na isimzidi chambo. Kibua aliye hai akishindwa kuogelea kwa uzito wa chuma, jodari hamgusi.

Huku kwetu jodari hupita mbele ya Watamu na Malindi na katika mkondo wa Pemba kuanzia Agosti hadi Oktoba, kusi likilegea. Wavuvi wetu wa mshipi wa mkono hawana breki ya chuma wala gia, viganja vyao ndivyo vinavyofanya kazi zote mbili, wakiachia anapokimbia na kuchukua anapotua. Mtu wa aina hiyo ukimpa ufito mfupi huelewa mara moja. Haupampu ufito juu na chini kwa madaha. Huinua ncha kiganja kimoja, akazungusha nusu, akainua tena. Jodari mwishoni huzunguka chini ya boti: anapojitenga, mvuvi hushikilia tu, anaporudi upande wa boti, ndipo mshipi unaingia.

Kinachobaki ni mkanda, na hapa wengi hubana pesa baada ya kuzimaliza kwenye rili. Mkanda mzuri hukaa chini, juu ya makalio, mvuvi akakunja magoti na kukaa ndani yake, uzito wa mwili wake ukivuta badala ya mikono. Haupimwi baharini. Funga mshipi kwenye mnazi uani, weka breki ya siku ya kazi, vaa kila kitu, egemea nyuma mpaka mshipi uanze kutoka, kisha achia mikono yote miwili. Ufito ukisimama wenyewe, ncha ikiwa juu kidogo ya usawa wa macho, umepata. Ukianguka mbele, fupisha mikanda tundu moja, pande zote mbili sawasawa, ujaribu tena.