Picha za Kwamkoro na Haki ya Anayepigwa

Ndugu msomaji, kwa muda wa miaka miwili na zaidi nyumba yetu ya Tanga imekuwa ikipata picha moja kila siku kutoka Kwamkoro. Huja kwa simu, aghalabu baina ya Magharibi na Isha, na mwenye kuileta ni mtoto wa dada yangu, kijana aliyekwenda huko kufanya kazi ya ukarani katika mashamba ya chai. Kupiga picha si kazi yake. Hana studio, hana kamera ila hiyo simu, wala hajapata kulipwa hata senti kwa picha yoyote. Jina lake silitaji, maana hakuniomba nimwandike, na katika nitakayoyasema humu yamo ya kumlaumu. Lakini mimi ni mjomba wake, na mjomba akinyamaza nani atasema?

Wengi wetu wa pwani tukisikia Usambara, akili hutukimbilia Lushoto: mboga, mapeasi, baridi, na lile jabali la Irente ambalo kila mgeni husimama juu yake akapiga picha ile ile ya tambarare ya Mazinde iliyo chini. Kwamkoro siko huko. Kwamkoro ni milima ya mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, katika wilaya ya Muheza. Unapanda kutoka Muheza kama uendaye Amani, na njia inajikunja mpaka masikio yanaziba. Huko mvua haina adabu ya msimu. Hunyesha yapata milimita 2,000 kwa mwaka, na siku isiyo na mvua huwa na ukungu.

Basi kijana wetu, kwa miezi ya kwanza, alituletea ukungu. Ukungu juu ya chai, ukungu juu ya msitu, ukungu na jua, ukungu bila jua. Dada yangu alizitazama zote kwa mapenzi ya mama. Mimi niliona kwamba bado hajafika Kwamkoro. Mwili umefika, lakini macho bado ya mgeni. Mgeni huona mandhari. Mwenyeji huona njia ya kwenda kisimani na mahali inapoteleza.

Macho yake yalifika mwezi wa nne au wa tano. Nakumbuka picha yenyewe: viatu mlangoni mwa msikiti, jozi kumi na tano hivi, vyote vya mpira, vyote vina tope, isipokuwa jozi moja ya ngozi iliyowekwa mbali na vingine, juu ya jiwe kavu. Hakuna mtu katika picha ile, na watu wote wamo. Utajua nani katoka shambani moja kwa moja na nani kapata muda wa kwenda nyumbani kwanza. Kesho yake akaleta mizani ya kupimia majani ya chai, na mkono wa mpimaji tu. Kesho kutwa, nyuma ya kibanda cha maandazi, ambako moshi unatoka kabla kibanda hakijafunguliwa. Tangu hapo nikaanza kungojea Magharibi kwa hamu ambayo si ya kawaida yangu.

Yafaa niseme kwa nini picha hizi zinatuhusu sisi tulio chini, maana mtu aweza kusema, chai ya Kwamkoro na ukungu wa Kwamkoro ni vya watu wa Kwamkoro. Siku moja alipiga iliki iliyoanikwa juu ya mkeka, mbichi, ya kijani, nusu imeanza kupauka. Dada yangu alikuwa jikoni na kopo la iliki mkononi, akakaa chini. Miaka yote ametia iliki katika chai, katika mkate wa kumimina na katika pilau, na hajapata kuona inavyokaa baada ya kuchumwa. Siku nyingine ikaja picha ya kijito chembamba kinapita juu ya mizizi. Maneno aliyoandika chini yake yalikuwa manne tu: haya ndiyo maji yenu. Na ni kweli. Vijito vya milima ile huingia mto Zigi, Zigi huingia bwawa la Mabayani, na kutoka hapo ndipo bomba zetu za Tanga hupata maji. Sisi hutawadha kwa mvua ya Kwamkoro.

Kuna picha ya kisiki, kisiki kikubwa cha miaka mingi, kimeota ukoka na kuvu, na mtoto wa shule amekikalia akifunga kamba za kiatu. Asiyejua ataona mtoto tu. Ajuaye atakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 miti mikubwa ya msitu wa Kwamkoro ilikatwa kwa mashine, na kazi hiyo haikusimamishwa mpaka katika nusu ya pili ya miaka ya 1980; kisha mwaka 1997 msitu ukaingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Mtoto yule hakuwahi kuuona mti. Kisiki kwake ni kiti. Kijana wetu hakuandika neno lolote chini ya picha ile, na hapo alifanya vyema kabisa.

Sasa niingie katika lawama. La kwanza ni dogo. Kuna wakati kijani ya chai ilianza kung'aa kama sahani za plastiki za dukani. Nikampigia simu, nikamwuliza: mwanangu, shamba hilo limepakwa rangi? Akaniambia, mjomba, simu yenyewe ndiyo inayofanya. Alipokuja likizo nilimtaka anionyeshe, nikaona kwamba amesema nusu ya kweli. Simu huongeza kidogo kwa nafsi yake, na yeye alikuwa akiongeza juu ya hilo, kwa kidole, mpaka mbingu ikawa buluu ambayo Mwenyezi Mungu hakuipa Kwamkoro. Aliona haya, akaacha. Sitalirefusha.

La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku moja ya mvua ilikuja picha ya mama mmoja, mchumaji chai. Ameinama, kikapu mgongoni, kipande cha nailoni kiunoni, kanga ya kichwani imeteleza, nywele zimelowa, na uso umekunjwa kwa uchovu. Kwa ufundi wa picha, naapa, hajapata kupiga iliyo bora kuliko ile. Nuru ilikuwa imemwangukia upande mmoja wa uso. Vijana wa nyumbani wakaisifu, na baadhi yao wakaanza kuwapelekea wenzao. Dada yangu aliitazama muda mrefu, kisha akauliza: "Mama huyu anajua kwamba sisi tunamtazama?"

Hapakuwa na wa kumjibu. Kijana alipoulizwa akakiri kwamba alipiga kwa mbali, mama yule hakujua. Kwa nini kwa mbali? Kwa sababu angemwambia, angeitengeneza kanga yake, na picha ingeharibika.

Ndugu msomaji, litazame neno hilo. Mwanamke kujisitiri ndiko kungeiharibu picha.

Juu ya hukumu ya picha zenyewe maulamaa wamezungumza sana, nami si mtu wa kutoa fatwa. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, aliandika risala ya kujuzisha picha za kamera, akiona kwamba ni kuzuilia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, wala si kuumba umbo jipya. Wengine, kama Sheikh Nasir al-Din al-Albani, walikaza, wakaruhusu palipo na haja tu. Kila nyumba ina sheikh wake. Na elimu yenyewe ya kamera si ngeni kwetu: Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, ndiye aliyechunguza jinsi nuru ya jua lililopatwa inavyopenya tundu dogo na kuchora umbo lake upande wa pili. Lakini hata katika mlango ulio mpana zaidi wa rukhsa, sijasikia aliyesema kwamba kivuli cha mtu ni mali ya anayepita njiani. Kuchungulia nyumba ya mtu tumekatazwa, na kupiga hodi tumefundishwa. Uso wa mtu unastahili hodi kama mlango wake unavyostahili.

Mambo haya si mapya katika milima ile. Wajerumani walipofungua chuo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, kamera zilipanda pamoja nao. Picha za zama zile, kama zile nyingi za Walther Dobbertin zilizohifadhiwa Ujerumani, ni nzuri na zina faida kwa mwenye kusoma tarehe. Lakini katika picha za zama zile aghalabu mlima una jina, mti una jina la Kilatini, na mchukuzi aliyebeba mizigo hana jina lolote. Hata ua dogo la kwenye majabali yenye majimaji, ambalo Washambaa huliita dughulushi, liliandikwa vitabuni mwaka 1893 kwa jina la mtawala wa Kijerumani, Saint Paul. Na katika zama zetu amekuja Amani mpiga picha hodari wa Kirusi, Evgenia Arbugaeva, akapiga maabara ya zamani na vyombo vyake kwa nuru kama ya ndoto. Nimeziona picha zake, ni kazi ya fundi aliyekamilika, na yeye hakumwibia mtu: alikaa na mzee aliyewahi kuwa msaidizi katika maabara ile, akapiga naye kwa shauri. Ila mgeni, hata akiwa hodari, huja kwa ndoto yake. Kijana wetu yuko pale siku zote, atakutana na mama yule kesho kwenye mizani. Hana udhuru wa mgeni.

Basi yakafuata mambo ambayo sikuyatazamia. Kijana alifedheheka, akaifuta picha ile, akawaambia wenzake waifute, na tangu siku hiyo akaacha kabisa kupiga watu. Kwa miezi mitatu tuliletewa majani, mawe, vipepeo, na ukungu tena. Watu wengine wa nyumbani walisema, alhamdulillahi, sasa amepata njia. Mimi sikukubali, wala hata leo sikubali. Zile ndizo picha dhaifu kuliko zote alizopata kutuletea. Mtu aliyemkosea jirani kisha akaacha kumtazama usoni hajamrudishia haki yake. Kwamkoro bila watu wake ni kalenda ya ukutani, na kalenda tunazo.

Nikamwandikia: rudi kwa watu, piga hodi.

Akarudi. Na hapa ndipo penye neno langu hasa kuhusu kazi yake. Picha alizopiga baada ya kuomba idhini zilikuja zimekakamaa. Watu wamesimama wima, mikono imenyooka, macho mbele, kama wa kitambulisho. Mwuza maandazi amevua aproni yake. Mpimaji wa chai amevaa koti ambalo hakika si la kazini. Mzee mmoja kamweka mjukuu wake mbele na redio pembeni. Vijana wa nyumbani wakalalamika kwamba picha zimekufa. Mimi nasema ndipo zilipopata uhai. Yatazame majumba yetu ya pwani: picha za marehemu wetu zilizopigwa Capital Art Studio pale Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, na studio nyingine za Tanga na Mombasa, ni nani katika hizo aliyepigwa bila kujua? Walikwenda wameoga, wamevaa, wamechagua. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifundisha kazi mwenyewe, aliwakata watu katika picha zao akawatia katika maua na mapambo, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyopenda kuonekana. Kukakamaa kule ni kauli ya anayepigwa. Anasema: nikumbukeni hivi. Mwuza maandazi bila aproni ametueleza habari ambayo moshi wa alfajiri haukutueleza, kwamba yeye si maandazi.

Sisemi kwamba kila picha yake ya sasa ni nzuri. Nyingine ni mbovu, kichwa kimekatwa, jua liko nyuma. Anaharakisha, kwa kuwa anaona haya kumsimamisha mtu. Hilo litamtoka kwa mazoea.

Mwezi uliopita mama yule mchumaji chai alimjia mwenyewe. Alikuwa amesikia habari zote, maana kijijini hakuna siri. Alitaka kupigwa siku ya Idi, mbele ya nyumba yake, pamoja na watoto. Kijana alipiga, akaenda Muheza kuisafisha, akampelekea katika fremu. Picha hiyo sisi hatujaiona. Mama alisema ni yake na wanawe, isipelekwe popote, na haikupelekwa. Siku ile tuliletewa picha ya viatu vyake vya mpira vya kazini, vimeoshwa, vimeegemezwa ukutani vipate kukauka, na chini yake kijana ameandika: kwa idhini.