Kwanza kijiti, daraja baadaye

Chukua kijiti cha spageti kisichopikwa, kisimamishe juu ya mizani ya jikoni, ukibonyeze taratibu kwa kidole. Kitapinda ubavuni kabla ya kuvunjika, na mizani itasoma makumi machache tu ya gramu. Kikate katikati, ubonyeze nusu yake: sasa inahimili takriban mara nne ya uzito ule. Mwanahisabati Leonhard Euler alikokotoa siri hiyo mwaka 1744, na kijana wa miaka 16 anaweza kuihisi kwenye ncha ya kidole chake.

Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, wanafunzi wa sekondari wanaohudhuria mafunzo ya likizo ya Explore Engineering Innovation hujenga madaraja ya spageti na kuyapakia uzito hadi yavunjike. Mashindano ya aina hii yapo kwingi. Mara nyingi kijana hupewa paketi na gundi, akajenga kwa kukisia, daraja likavunjika, akapigiwa makofi. Hapo amejifunza kubandika. Hopkins wao huanza maabara, kwa kupima nguvu za spageti yenyewe, na kwangu mpangilio huo ndio unaoyafanya mafunzo yawe uhandisi.

Maana daraja hilo ni kenchi, ndugu ya ile inayobeba bati la nyumba. Likiegemea ncha mbili na mzigo ukaning'inia katikati, vijiti vya juu vinabanwa, vya chini vinavutwa. Kwenye kila kiungo nguvu zote lazima zisawazishane, kwa hiyo sini na kosini za darasani zinatosha kujua kila kijiti kimebeba kiasi gani. Kijiti kinachovutwa hakipindi, hivyo urefu wake si tatizo. Hapo cha kuangalia ni idadi ya vijiti tu. Kinachobanwa ndicho cha kuhangaikia: kiwe kifupi, au kiwe fungu. Na fungu lina masharti yake. Vijiti vinne vilivyosimama pamoja bila kushikana vina nguvu ya vinne. Vikipakwa gundi hadi katikati vikawa kitu kimoja, kwa hesabu uwezo wa kuhimili kupinda unafika mara 20 ya kimoja. Aliyepima hafikirii mara mbili wapi pa kuweka gundi yake.

Mji wa Baltimore una sababu yake ya kuyajali haya. Tarehe 26 Machi 2024 meli ya Dali iligonga nguzo ya Daraja la Francis Scott Key, kenchi ya chuma iliyofunguliwa mwaka 1977. Nguzo ilipoondoka, uzito uliokuwa ukishukia hapo ukakosa pa kupita, na sehemu kuu ya daraja ikaanguka mtoni kwa sekunde chache. Wafanyakazi sita waliokuwa juu yake wakifanya matengenezo walifariki. Kijana aliyewahi kukokotoa viungo kimoja kimoja anaitazama video ile na kuelewa kwa nini hata vipande ambavyo meli haikuvigusa viliporomoka.

Kwa mashindano ya madaraja ya spageti nina ombi moja. Kilo peke yake zisiamue mshindi, kwa sababu gundi nyingi na bahati vinaweza kubeba kilo. Kabla ndoo ya mzigo haijatundikwa, kila kundi liandike kwenye karatasi ni kijiti kipi kitatangulia kukatika, na kwa kilo ngapi.