Taharuki Haimo Katika Kisu: Kaida za Utanzu katika Vionjo na Mabango ya Wanafunzi wa Filamu

Mwanafunzi anayetengeneza kionjo cha filamu ya taharuki huelekea kuanza na vitu vinavyotambulika upesi: giza, nyayo, kisu, mlango unaofunguka polepole. Bango lake nalo hutawaliwa na rangi nyekundu na nyeusi. Hoja yetu ni kwamba vitu hivyo ni viashiria vya utanzu tu. Haviibui taharuki vyenyewe.

Alipozungumza na François Truffaut mwaka 1962, Alfred Hitchcock alitofautisha mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza. Likilipuka ghafla, hadhira hushtuka kwa sekunde chache. Ikijua mapema kuwa lipo, huhangaika muda wote wa mazungumzo. Taharuki, basi, hutokana na namna maarifa yanavyogawanywa baina ya hadhira na wahusika.

Kionjo cha Psycho (1960) kinalidhihirisha hilo. Hitchcock mwenyewe anatutembeza motelini na nyumbani, anaanza kusimulia, kisha anakatiza. Siri ya muuaji inabaki. Vivyo hivyo, bango la Vertigo (1958) lililosanifiwa na Saul Bass halina silaha wala damu: lina mizunguko na maumbo mawili ya watu ndani yake.

Msahihishaji anayehesabu kaida zilizotumika huutuza uigaji. Hana budi kuuliza: kionjo kimempa mtazamaji nini, na kimemnyima nini?