Kazi, Kibarua na Ajira: Uhakiki wa Tafsiri ya Neno 'Job'

Wafasiri wetu wamezoea kulipa neno la Kiingereza 'job' kisawe kimoja tu, yaani kazi, kisha wakaendelea na safari. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yanaficha tofauti ambayo wasemaji wa Kiswahili wa Eldoret na Uasin Gishu kwa jumla wangali wanaitunza, na kwamba hasara yake humwangukia mfanyakazi.

Kazi ni neno pana mno. Mkulima asiyeajiriwa na mtu anafanya kazi. Hata kisu kina kazi yake. 'Job' ni finyu zaidi: ni nafasi ambayo mtu hupewa na mwingine, na ambayo huyo mwingine aweza kuitwaa. Kwa maana hiyo Kiswahili hakikukosa maneno, na jambo la kustaajabisha ni kwamba mengi yake yanahusu karatasi.

Tuanze na kibarua. Asili yake ni barua, na Madan, katika kamusi yake ya mwaka 1903, alikwisha kueleza juu ya cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akionyeshe anapodai malipo yake. Jina la cheti likawa jina la mtu, kisha likawa jina la nafasi yenyewe. Upatanisho wa kisarufi huzitenga maana hizi mbili: 'kibarua huyu amechoka' ni mtu, bali 'kibarua hiki kimenichosha' ni nafasi. Ndiyo maana msemo wa kibarua kuota nyasi hutumiwa hata kwa waziri aliyepoteza cheo, ambaye hakulipwa kwa siku kamwe.

Kuna pia kipande. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kukichukua, kwa kawaida shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Bila sahihi ya mwajiri ya kumwachilia, hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Mashamba ya walowezi wa Uasin Gishu, ambako Makaburu walifika mwaka 1908, na ambako mji wa Eldoret uliitwa Sisibo kwa kuwa ulianzia kwenye shamba nambari 64, yaliujua vyema mfumo huo. Kipande kiliondolewa mwaka 1947, lakini Wakenya hata leo 'huandikwa kazi' na 'hufutwa kazi'. Hatudai kwamba vitenzi hivi vilizaliwa na kipande. Twasema tu kwamba vina picha ile ile: nafasi ya mtu ni jina lake katika daftari la mtu mwingine.

Ajira, neno lenye asili moja na ujira, ni la maandishi ya serikali na magazeti. Hulizungumzia jambo la umma, kama katika 'ukosefu wa ajira'. Ni nadra mtu kuiita nafasi yake 'ajira yangu'.

Yawezekana mtu akasema kwamba muktadha watosha kutofautisha. Lakini shahidi husema kwa Kiswahili, na kumbukumbu za mahakama huandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humtambua mfanyakazi wa kutwa kuwa ni yule alipwaye kila mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Na kifungu cha 37 humpa haki zaidi aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Basi mtu akisema, 'Nilipata kibarua kiwandani,' akikusudia nafasi ya miaka mitatu, na mkalimani akamwandika kuwa mfanyakazi wa kutwa, shahidi amekwisha kujidhuru kwa neno asilolisema.

Kwa hiyo yafaa kamusi zetu zikitenge kibarua katika vidahizo viwili, kila kimoja na upatanisho wake, na ziache kulifasiri neno 'job' kwa kazi peke yake. Aidha, wakalimani wafunzwe kumwuliza shahidi swali moja kabla ya kuandika: alilipwa lini?