Anayepima Mlango Kabla ya Safari

Mbele ya nyumba nyingi za Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, unapita mtaro wa maji ya mvua, na juu ya mtaro kimelazwa kipande cha zege au mbao mbili za kuvukia. Mwenye miguu mizima huvuka bila hata kutazama chini. Anayetembea kwa kiti cha magurudumu hapo ndipo safari yake inapoanza, awe anakwenda Bwiza kwa shangazi yake au Gitega kutazama ngoma. Safari nyingi hufia hapo hapo, gari halijawashwa bado.

Nataka kuwasifu wanaozizuia safari hizo zisife. Mara nyingi ni dada wa msafiri, au dereva aliyejifunza kwa kurudiarudia, au kijana wa kwaya aliyekabidhiwa kazi ya kuhakikisha hakuna mwenzao anayebaki nyumbani. Dunia hupenda kumshangilia anayefika kileleni. Mwaka 2012 Spencer West, mtu asiye na miguu, alifika kilele cha Kilimanjaro akitembea kwa mikono sehemu kubwa ya njia. Alipigiwa makofi, na aliyastahili. Lakini mimi fikra zangu huwaendea waliokaa kabla ya siku hiyo wakikadiria maji, mapumziko na mahali pa kulala.

Tuchukue safari moja, ya kutoka Nyakabiga hadi Gishora. Wakazi wengi wa Bujumbura wenye ulemavu wa miguu wanaifahamu barabara ya Gitega, kwa sababu huko ndiko kiliko kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi ya viungo. Hupanda kwenda kupimwa, hurudi wamechoka, basi. Mpangaji wa safari mwenye jicho huuliza swali jingine: tukishafika Gitega, kwa nini tusiongeze kilomita chache tukaione Gishora, kilima cha ngoma za Mwami Mwezi Gisabo, zinakotunzwa ngoma takatifu Ruciteme na Murimirwa? Uchezaji wa ngoma hizi za kifalme UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Mtu aliyezoea kusafirishwa kwa ajili ya matibabu tu anapoalikwa kusafiri kwa ajili ya kufurahi, heshima yake imeanza kurudi kabla hajatoka uani.

Kazi huanza kwa kupigia simu nyumba ya wageni, na kikwazo cha kwanza ni jibu la “hakuna shida.” Anayejibu hivyo hadanganyi. Ana vijana wenye nguvu, na moyoni ameshaamua kwamba mgeni atabebwa. Kwa hiyo mpangaji hodari haulizi kama nyumba ya wageni inafaa, huuliza vinavyohesabika. Mlango wa choo una upana gani, na unafungukia ndani au nje? Kutoka getini hadi kitandani kuna vidato vingapi? Kitanda kimeinuka kiasi gani? Asiye na futi kamba huombwa apime kwa shibiri, au atume picha ya mlango mtu akiwa amesimama katikati yake. Kiti cha magurudumu cha mtu mzima huwa na upana wa sentimita 65 hivi, na mikono inayosukuma magurudumu inataka nafasi pia. Mlango wa sentimita 80 unapitika. Chini ya 70 vidole vitachubuka. Ili kiti kigeuke ndani ya chumba panahitajika kama mita moja na nusu kila upande, na hapo ndipo vyumba vingi vinapofeli, maana kitanda kimemeza sakafu yote.

Hesabu ninayoipenda zaidi ni ya mteremko. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Vidato vitatu vya sentimita 17 kila kimoja ni sentimita 51, na mteremko wake unahitaji zaidi ya mita 6. Mwenye nyumba akisema kwa moyo mweupe kwamba ataweka ubao wa mita 2, mpangaji anajua papo hapo kuwa ubao huo utasimama kama ukuta. Kwa hiyo hubeba mbao mbili fupi kwa ajili ya kidato kimoja na mitaro ya njiani, na kwa vidato vitatu hutafuta nyumba nyingine. Kujua wakati wa kusema “hapa hapatufai, tunashukuru” ni sehemu kubwa ya ufundi huu.

Gari nalo lina siri zake. Sakafu ya Hiace iko juu, na Coaster ina ngazi nyembamba mlangoni. Kumbe Probox, gari lile lile la kubebea mizigo na abiria, kiti chake cha mbele hakipishani sana kimo na kiti cha magurudumu: msafiri huteleza kutoka kimoja hadi kingine juu ya ubao laini ambao seremala yeyote anaweza kuuranda kwa nusu siku, na kiti kikishakunjwa hukaa nyuma. Ni lazima gari lifike hadi mlangoni. Mwezi Machi 2022 pikipiki, tuktuk na baiskeli za abiria zilikatazwa katika sehemu kubwa ya jiji, na kwa mtu wa magongo kile kipande kifupi cha kufikia basi kikawa kirefu. Na katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, safari haijapangwa mpaka tanki liwe limejaa tangu jana yake.

Halafu kuna mlima. Bujumbura imekaa kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo kimo chake ni kama mita 770 juu ya bahari. Barabara ya taifa namba 1 inapanda kwa kona baada ya kona hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kabla ya namba 2 kushuka kupitia Muramvya. Msafiri mwingine huona baridi tu na kabichi zinazouzwa kando ya njia. Mpangaji anaona mengine. Aliyeumia uti wa mgongo mwili wake huenda usiweze kujipasha joto wala kujipoza vizuri, kwa hiyo blanketi lipo karibu kwa ajili ya Bugarama, na maji ya kujinyunyizia yapo kwa ajili ya kurudi kwenye joto la jiji. Anayekalia mto wa hewa, mto huo huvimba kadiri gari linavyopanda na kuwa mgumu, hivyo lazima upunguzwe hewa juu na kuongezwa chini. Asiyehisi makalio yake anahitaji kuinuliwa au kuegemea upande kila baada ya nusu saa au chini ya hapo, ama sivyo kidonda kitaanza bila yeye kujua. Mpangaji huandika vituo hivyo kwenye karatasi na kumpa dereva, wala havipunguzi hata kama wanachelewa.

Choo ndicho kinachowashinda wengi. Kwa kukihofia, wasafiri wengi wenye ulemavu hawanywi maji tangu usiku wa kuamkia safari, na hurudi na maumivu ya kibofu. Mpangaji wa kweli huligusa jambo hili mapema, faraghani, bila aibu: hubeba kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati ili kiwekwe juu ya tundu la choo, shuka la kuzibia na ndoo ya maji, kisha anasema, “Dada, kunywa maji, choo kipo.” Sijui sentensi yenye upole kuliko hiyo katika kazi nzima ya utalii.

Gishora kwenyewe ni kilima cha udongo na majani. Mvua ikinyesha udongo hushika magurudumu, kwa hiyo miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo inayochaguliwa. Mpangaji hafikirii magurudumu peke yake. Asiyesikia huwekwa karibu na ngoma, mahali mdundo unapoingia kifuani na miguuni. Asiyeona huombewa ruhusa mapema ya kupitisha mikono juu ya ngoma, aguse ngozi ya ng'ombe iliyowambwa kwa vigingi na gogo la mti wa umuvugangoma lililochongwa ndani, kisha ndipo apigiwe.

Nirudi kwenye kubebwa, kwa sababu hapo ndipo ninapoupimia ufundi huu. Watu wetu ni wakarimu. Ukikwama na kiti Nyakabiga, vijana wanne watakuinua kabla hujaomba. Wema huo naupenda, lakini siuiti mpango. Anayebebwa hachagui wakati wa kuondoka, hachagui anayemshika wala anapomshika, na akiwekwa mahali hukaa hapo hapo. Mpangaji hodari huhesabu kila kubebwa kama kazi ambayo hakuimaliza, na pale pasipoepukika humuuliza msafiri kwanza, nani ambebe na vipi. Tofauti ya msafiri na mzigo iko katika swali hilo.

Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, na ibara yake ya 30 inataja waziwazi huduma za utalii. Sheria ya nchi ya kulinda haki hizo ilitiwa saini tarehe 10 Januari 2018. Karatasi zipo. Kinachokosekana njiani ni vipimo.

Kwa hiyo, wewe mwenye nyumba ya wageni Gitega, mwenye mgahawa ufukweni Bujumbura, mwenye basi la Muramvya: chukua futi kamba leo. Pima mlango wako, mlango wa choo chako, na kimo cha kila kidato. Viandike vipimo hivyo karibu na namba yako ya simu, na siku mtu wa Nyakabiga atakapokupigia, umsomee namba.